Shuka Jogoo Road: Wikendi ya Kutalii Eastlands

Ukiwa na wikendi moja tu ya kutembea Nairobi, twiga wa Lang'ata waache. Mwaka ujao utawakuta. Mtaa wa Kaloleni, kule Eastlands, sikuahidi. Mtaa wa zamani wa Pangani umeshabomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake, na Bahati, Maringo, Jericho, Ziwani na Makongeni zote zimetajwa katika mipango ya kuvunja na kujenga upya. Pengine ni jambo jema kwa familia ya watu sita inayolala chumba kimoja. Siwezi kumlilia mtu bafu la kushiriki na majirani. Lakini kwa mgeni anayetaka kuona mji huu ulivyojengwa na walioujenga walikuwa wakilala wapi, wakati wenyewe ndio huu.

Ukitoka Mombasa au Lamu utasema Nairobi haina mji wa kale. Kweli, umri wake ni mdogo. Reli ilifika hapa Mei 1899, ikakuta kinamasi na malisho ya Wamaasai. Wazungu wakachukua magharibi: miinuko, udongo mwekundu, upepo mzuri. Waafrika wakapangiwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaonata, karibu na reli, karakana na mito iliyobeba taka za mji. Watu walipozidi, mtaa mwingine ukajengwa mbele kidogo, kisha mwingine mbele ya huo. Ndiyo maana Jogoo Road, ambayo mkoloni aliiita Doonholm Road, unaweza kuisoma kwa miaka. Pumwani ni ya miaka ya 1920, Shauri Moyo ya 1930, Kaloleni ya 1940, Maringo na Jericho ya 1950, Uhuru ya 1960, Buruburu na Umoja ya 1970. Ratiba ninayokupa inafuata mpangilio huo. Ukianza na Buruburu kwa sababu ndiko binamu yako anakokaa, utaona nyumba tu.

Kwanza maandalizi, kwa ufupi. Epuka Aprili na Mei. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi hukuvua viatu. Julai njoo na sweta, na usimwamini mtu wa Pwani aliyekwambia kwamba baridi ya Nairobi ni maneno. Januari, Februari na Septemba ni miezi mizuri. Desemba nayo ina faida yake: mashindano ya soka ya Koth Biro huchezwa uwanja wa Umeme kule Ziwani, yamekuwepo tangu miaka ya 1970, na ni mahali pa kuona mpira wa mtaani ukichezwa na mashabiki wakiwa wamesimama kwenye mstari wenyewe wa uwanja.

Malazi ni suala la hulka yako. Gesti za River Road ni rahisi na ziko karibu na kila kitu, ila usiku wake una kelele. Mwenye usingizi mwepesi asijaribu. Eastleigh imejaa hoteli safi za bei ya kila namna, pombe hakuna, na asubuhi utapata anjera na chai ya viungo chini ya mlango wako. Mimi ningekutuma huko. Buruburu na Donholm kuna nyumba za kukodi kwa usiku, zinazowafaa walio na watoto.

Ukija na treni ya Madaraka kutoka Mombasa utashukia Syokimau. Usikimbilie teksi. Treni ya abiria ya mjini huunganisha Syokimau na stesheni kuu na kupitia Makadara, katikati kabisa ya Eastlands, kwa nauli ndogo kuliko soda mbili za hoteli. Beba noti ndogo ndogo, ingawa M-Pesa hupokelewa hata kwa muuza mayai. Vaa raba ulizozizoea. Simu iweke mfuko wa mbele, na ndani ya matatu usiishike karibu na dirisha lililo wazi; gari likikwama kwenye foleni, mkono unaingia, simu inatoka, na mwenye mkono ameshavuka barabara. Tafuta mwenyeji wa kutembea naye, hasa Jumamosi. Uliza jamaa zako. Ukoo usio na mtu Umoja au Kayole ni nadra sana. Ukimpata kijana wa mtaa asiye ndugu yako, mkubaliane malipo kabla ya kuanza, na chakula cha mchana kiwe juu yako.

Jumamosi ni siku ya miguu. Fika Kamukunji saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Uwanja wa Kamukunji wenyewe hauna mengi ya kutazama, lakini simama dakika chache. Hapa ndipo mkutano wa Saba Saba ulipoitishwa tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi. Serikali iliupiga marufuku, ikawakamata Kenneth Matiba na Charles Rubia siku chache kabla, na watu wakaja hata hivyo; polisi wakawatawanya, na ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa. Kisha vuka uelekee kwenye mlio wa nyundo.

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji ndio ningewaweka mbele ya jumba lolote la makumbusho mjini. Chagua fundi mmoja tu, omba ruhusa, simama pembeni yake robo saa. Anayetengeneza sanduku la mwanafunzi wa bweni huanza na bati bapa. Hupima kwa kipande cha bati kingine alichokikata zamani kuwa kigezo, hachukui futi. Hukata kwa mkasi mkubwa, kisha hulaza ukingo juu ya kipande cha chuma cha reli, ambacho ndicho fuawe yake, na kuukunja kwa nyundo ya mti: pigo moja, anasogeza, pigo moja, anasogeza. Nyundo ya mti haiachi kovu kwenye bati. Kingo mbili zikikutana zinashikana kwa mkunjo, bila kuchomelewa. Mwenzake anapaka rangi, wa tatu anatia bawaba na komeo, na Januari shule zikifunguliwa sanduku hilo linapanda basi kuelekea kila kaunti. Bei uliza kwa fundi mwenyewe, usiulize kwa kijana aliyekufuata tangu barabarani. Na usipige picha ya uso wa mtu kabla hajakubali. Hapa watu wamechoka kupigwa picha na wapitanjia wasionunua hata karai.

Kutoka hapo Gikomba ni hatua chache. Wengi huingia kununua mitumba, nawe hutajizuia, kwa hivyo jua utaratibu. Belo hufunguliwa asubuhi mapema, na nguo bora kabisa, zinazoitwa kamera, huondoka na wenye maduka kabla wewe hujamaliza chai. Zinazobaki hushuka bei saa baada ya saa hadi kufikia fagia, lundo la mwisho ambalo kila kipande kina bei moja na muuzaji anaimba bei hiyo juu ya meza. Kwa mtalii, fagia ndiyo raha. Soko hili limeungua mara nyingi na kila mara limesimama tena juu ya majivu yake, kwa hivyo utakuta vibanda vipya vya mbao pembeni ya nguzo nyeusi. Usikae zaidi ya saa moja. Ukikaa, siku imeliwa.

Sasa Pumwani, na ndani yake Majengo. Serikali ya kikoloni iligawa viwanja hapa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikiwahamisha watu kutoka vijiji vya Waafrika vilivyotapakaa mjini, na ikawaacha wenye viwanja wajijengee. Wengi walikuwa Waislamu, wake kwa waume, na walijenga walichokijua: nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma. Mtu wa Pwani atatambua ramani hiyo kabla hajaingia. Zilizobaki ni chache na zimechoka, lakini tembea taratibu kuelekea Msikiti wa Riyadha, uone milango inayofuatana na mabaraza ambako wazee bado huketi. Salimia kwanza. Kwa mzee wa Majengo "salaam aleikum" au "shikamoo" hufungua mazungumzo ambayo "sasa" ya Nairobi haiwezi kuyafungua. Mwanamke awe na mtandio, na Ijumaa mchana usije kutalii msikitini.

Karibu na hapo iko hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyoanza 1926. Ipite tu, si mahali pa kuzurura, ingawa nusu ya rafiki zako wa Nairobi huenda walizaliwa humo. Anayetaka kusoma kitu kabla ya safari atafute riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth. Paulina, msichana kutoka Nyanza, anafika Nairobi wakati wa Hali ya Hatari na kupotea katika mitaa hii hii utakayokuwa ukiitembea, akitafuta njia ya kurudi kwa mumewe.

Mtaa wa California uko jirani, nao una historia changa zaidi. Studio ya Calif Records iliyobeba jina la mtaa ndiyo iliyowatoa Nonini na Jua Cali mwanzoni mwa miaka ya 2000, na muziki wa genge, ulioimbwa kwa Sheng ya hapa hapa, ukaenea nchi nzima. Hakuna kibao wala sanamu. Vijana wa kona ndio kumbukumbu, na watakusimulia kwa moyo mkunjufu.

Teremka Shauri Moyo. Nyumba hizi zilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya wenye nyumba wa Pangani, kijiji cha Waafrika kilichofutwa ili wahamie huku. Ona tofauti: Pumwani mtu alijenga nyumba yake, hapa alipangishwa na baraza la mji. Shauri Moyo pia ndiyo ya jiko unalolifahamu, lile la bati lenye kiuno na udongo ndani. Mafundi wa hapa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulitengeneza kwa wingi katika miaka ya 1980.

Saa ya kula imefika, na soko la Burma liko mlangoni. Soko la Kariokor, ukipita njia ya Ngara, ni kumbukumbu ya wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, na Burma ni ya askari wa vita vya pili. Mji huu haukuwajengea wapiganaji wake mengi, lakini uliwapa masoko mawili, na yote mawili huchoma nyama vizuri. Pale Burma utaitwa na kila bucha kwa wakati mmoja. Usimfuate anayekuvuta mkono. Zunguka mara moja, tazama nyama inayoning'inia, chagua kipande chenye mafuta kidogo, kione kikipimwa, ndipo ukubali. Mbuzi huchukua muda mrefu kuliko ng'ombe, na anayekwambia dakika kumi anakufariji tu. Utaletewa kikombe cha supu cha kuanzia. Agiza ugali na kachumbari, na kilo moja itawatosha watu watatu wasio na tamaa.

Baada ya hapo vuka Jogoo Road kwa uangalifu, ukiuacha uwanja wa City, ambao sasa una jina la Joe Kadenge, na uingie Kaloleni. Tenga alasiri nzima. Mtaa huu ulijengwa katikati ya miaka ya 1940, na wenyeji watakuambia kwamba mateka wa Kiitaliano waliufanyia kazi. Waliouchora walikuwa na ndoto ya mji wa bustani: nyumba za chini zenye paa za vigae, zimegeukiana kuzunguka nyasi, njia zinazoelekea katikati, na katikati ukumbi wa kijamii. Leo baina ya nyumba na nyumba kuna vibanda vya mabati, kamba za nguo na kuku, lakini simama kwenye uwazi wa katikati na utauona mchoro wa awali. Nyumba zilikuwa za Mwafrika mwenye kazi ya kudumu na mke mjini, jambo ambalo mkoloni alikuwa ameanza kulikubali kwa shingo upande.

Ukumbi ndio sababu ya mimi kukuleta. Usidanganyike na udogo wake. Jumapili ya tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha Waafrika cha KAU na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, Makhan Singh, mwana wa Punjab na kiongozi wa wafanyakazi, alidai humu ndani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Viongozi wengi wakati huo walikuwa wakiomba viti vichache zaidi barazani. Wiki tatu baadaye alikamatwa pamoja na Fred Kubai, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, na Makhan Singh akawekwa kizuizini hadi Oktoba 1961. Zaidi ya miaka kumi na moja. Mtafute mlinzi wa ukumbi, msalimie, mwambie unataka kuona ndani. Kumpa cha chai si rushwa, ni adabu.

Maktaba ya Kaloleni nayo ni tawi la ile Maktaba ya McMillan ya mjini. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeifufua, na ukiikuta wazi utaona watoto wamejaa kuliko viti. Ingia, sema kwa sauti ya chini, toka.

Jioni, kabla ya kurudi kulala, kula mutura, soseji ya damu. Si chakula cha kukaa. Unasimama kando ya jiko la makaa, unataja pesa uliyo nayo, hata shilingi 20, na mwenye kisu anakukatia vipande juu ya ubao, anamwaga kachumbari na chumvi, mnakula kutoka ubao mmoja na watu usiowajua. Mwislamu na asiyekula damu wajihadhari. Nao wana viazi karai upande wa pili.

Jumapili panda matatu. Ya Buruburu ni namba 58, na kama hujawahi kupanda nganya, ngoja ipite ile yenye michoro mingi na muziki unaotetemesha mbavu. Nauli hupanda mvua ikinyesha na hushuka Jumapili asubuhi, kwa hivyo muulize makanga kabla hujaketi. Mwambie akushushe Jogoo Road karibu na Maringo, utembee kidogo kabla ya kupanda nyingine.

Hapa soma majina ya mitaa kwa makini. Tom Mbotela, diwani wa mji na kiongozi wa KAU aliyeipinga Mau Mau hadharani, aliuawa Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani mwingine, alipigwa risasi 1953. Mji wa kikoloni ukawapa wote wawili mitaa: Mbotela upande mmoja wa Jogoo Road, na Ofafa, ikiwa na Maringo na Jericho ndani yake, upande wa pili. Aprili 1954 ukaja msako wa kuwawinda Mau Mau, Operesheni Anvil. Jeshi likaizunguka mitaa hii na kuipekua nyumba kwa nyumba, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru. Uhuru ulipopatikana, mtaa mwingine wa pale pale ukapewa jina la Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Majina yale ya zamani hayakufutwa. Leo mtoto wa Kimathi na mtoto wa Ofafa wanapanda matatu moja, na hakuna anayeona ajabu. Mimi huona ajabu kila mara.

Kutoka mtaa wa Jerusalem hadi Jericho ni mwendo mfupi wa miguu. Biblia inasimulia yaliyompata mmoja njiani humo; wewe shika simu yako vizuri. Jericho Jumapili ina uwanja wa Camp Toyoyo, na mechi ikiwepo lipa kiingilio uketi. Karibu yake utapata kibanda cha chapo na madondo. Agiza chapo mbili, omba supu ya maharagwe iwe nyingi.

Buruburu utaiona haraka. Ilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970 kwa fedha za shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, ikauzwa kwa mikopo kwa walimu, makarani na maofisa vijana wa serikali: nyumba za ghorofa moja, paa jekundu, ua mdogo, majirani waliogeukiana kwenye uwanja mmoja. Ilikuwa fahari. Tafuta ua mmoja ambao haujajengewa fremu za maduka, utaelewa kwa nini watu wa Buruburu hujitambulisha kwa namba ya awamu. Ukivuka soko la Mutindwa uko Umoja, ambako nyumba ndogo za fedha za Marekani zimemezwa na maghorofa yaliyobanana hadi jirani anaweza kukupa chumvi dirishani.

Ukiwa na nguvu na mwenyeji wa huko, malizia Dandora. Benki ya Dunia iliufadhili mradi huu kuanzia 1975: mtu alipewa kiwanja chenye choo, bafu na maji, mengine ajijengee mwenyewe. Kumbuka Pumwani ya jana. Nusu karne ilikuwa imepita, na wazo ni lile lile. Dandora dunia nzima inaijua kwa jaa lake la taka, na moshi wake utauona. Kizazi cha miaka ya 1990 kinaijua kwa Kalamashaka, waliorap kwa Kiswahili cha mtaani wakati redio zilikuwa bado zinapenda Kiingereza. Bila mwenyeji usiende jaani, na hata ukiwa naye usiende kupiga picha za watu wanaookota riziki.

Anayerudi na treni ya usiku aondoke Eastlands mapema jioni, kwa sababu Jumapili wote waliokwenda ushago wanarudi kwa wakati mmoja na barabara ya Outering husimama. Fika Syokimau saa moja au zaidi kabla, ukiwa na kitambulisho kilichotumika kukata tiketi. Mizigo hunuswa na mbwa na kupitishwa kwenye mashine. Sanduku la mabati la Kamukunji litapita bila shida, na jiko pia, likiwa halina majivu. Panga na visu vya jua kali hutaingia navyo, kwa hivyo kama umevinunua, vitume kwa basi.